Mahindi Chini ya Turubai

"Basi la bure, tikiti ya bure, chakula cha bure," Nakhungu alisema, huku akigeuza mahindi kwa mguu. "Na haya, nani atatuanikia bure?"

Khaemba alikuwa amechutama. Alikuwa ameokota punje moja kutoka kwenye turubai, akaiweka kwenye magego na kuiuma. Punje ikabonyea bila kulia. Huku Kiminini hicho ndicho kipimo chetu cha unyevu, meno ya mwenye shamba. Punje ikilia kama kijiti kikavu, mahindi yako tayari kwa gunia. Ikinyamaza, bado yana maji. Hii ilinyamaza.

"Jua la siku mbili tu yatakuwa sawa," Khaemba alisema.

"Na hizo mbili unaenda kuzimalizia Nairobi."

Kando ya lami, kwenye ghala la ushirika, kuna mashine ya kukausha mahindi. Ilikuja juu ya lori, ikafungwa utepe, utepe ukakatwa, tukapigiwa ngoma, tukanyweshwa soda. Tangu siku hiyo mlango haujafunguliwa. Mara haina dizeli, mara fundi yuko Eldoret, mara ufunguo uko na mwenyekiti na mwenyekiti yuko semina. Ndiyo sababu mkulima wa Trans-Nzoia, ambaye nchi nzima inakula ugali wake, anakausha kwa jua na kupima kwa jino. Wanaotaka kura wanalijua hilo vizuri. Lakini anayetaka kura hatakuletea dizeli. Atakuletea mpira.

Huyu aliyeleta mpira aliitwa Walubengo, alikuwa anatafuta kiti cha wadi, na tayari watu walikuwa wanamwita Mheshimiwa kama njia ya kumsukuma. Kijana wake wa mkono, Hillary, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba.

"Mzee Khaemba, nimekuweka," alimwambia akiwa bado juu ya pikipiki. "Wewe, mathe, na hawa wasichana wawili. Mheshimiwa amesema anataka familia, si walevi. Ijumaa jioni tunatoka, Jumamosi mechi, Jumapili asubuhi uko kwako unakunywa chai."

"Na ni Ingwe kweli?"

"Ingwe na wale wa kijani. Uwanja wa Nyayo, mzee. Live. Si hiyo yako ya redio."

Hapo Hillary alikuwa ameshamnasa. Khaemba aliifuata timu ya Ingwe tangu akiwa mtoto wa kuchunga ndama, kwenye redio ya baba yake, na baba yake alizikwa bila kuiona hata siku moja. Kwao timu ilikuwa sauti ya mtu anayepayuka ndani ya kisanduku. Binti yake mdogo, Fridah, aliyedaka mpira wa wasichana pale shule ya msingi, naye alikuwa hajalala vizuri tangu aliposikia habari ya basi.

Aliyekaa kimya ni Viola, yule mkubwa. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi upande wa Bungoma, na chuo kilitaka malipo ya kwanza kabla ya mwezi kuisha, la sivyo nafasi inapewa mwingine. Malipo hayo yalikuwa pale uani, juu ya turubai, yakisubiri kukauka. Hakukuwa na mengine popote.

*

Ijumaa mchana wingu lilikaa upande wa Mlima Elgon na Khaemba akashikwa na wasiwasi. Aliyasukuma mahindi yote katikati, yakawa kilima. Akayafunika kwa turubai jingine jeusi la nailoni, akakunja pembe, akafunga kamba, akapanga mawe pande zote.

"Yatachemka," Nakhungu alisema.

"Siku moja haichemshi kitu. Mvua ikiyapata ndiyo utalia."

Viola alikuwa ameshika ncha ya kamba. "Baba, si tumwambie Mzee Kinyua? Yuko hapo tu. Akiona jua anafunua, akiona wingu anafunika."

"Kinyua aingie kwa boma yangu nikiwa siko?"

"Ni turubai tu, Baba. Sijasema umpe ufunguo wa nyumba."

"Viola. Kuna mambo hujui."

Kati ya boma la Khaemba na la Kinyua kulikuwa na ua wa kayaba, basi. Mtu akikohoa huku, kule wanampa pole. Kinyua alikuja kutoka upande wa Nyeri akiwa kijana, akanunua shamba, akazaa hapa, akazeeka hapa. Mwaka ule wa vita vya uchaguzi alikimbia na mkewe Gladwell na watoto, wakaenda kulala kwenye hema kule uwanja wa maonyesho Kitale. Nyumba yao ikabaki wazi. Kila mtu aliingia. Huyu akatoka na sufuria, yule na mabati. Khaemba aliingia pia, akatoka na magunia ya mahindi. Alimwambia Nakhungu kwamba asipoyachukua yeye yatachukuliwa na mwingine, na kwa kweli ndivyo ingekuwa. Waliyala mpaka mvua ya masika ikaisha.

Kinyua alirudi, akajenga upya, hakuuliza mtu. Kila asubuhi alimsalimia Khaemba juu ya ua, habari ya kuamka, na Khaemba akaitikia. Hakuuliza mwaka huo, wala uliofuata, wala mwingine wowote. Hilo ndilo Khaemba alishindwa kumsamehe. Wale wakubwa waliotuambia kwamba jirani ni adui walipatana siku nyingi, wako chama kimoja, wanaozeshana watoto. Sisi ndio tulioachiwa ua katikati.

Kwa hiyo Khaemba alijua mtu hufanya nini na mahindi ya jirani ambaye hayupo. Alijua kwa mikono yake mwenyewe. Akaongeza jiwe moja juu ya turubai, wakaenda kupanda basi.

*

Mbele ya uwanja walipewa tisheti zenye uso wa Walubengo kifuani, wakaambiwa wasubiri. Mpiga picha alikuwa hajafika. Watu walikuwa wanamiminika kupita kando yao, wamejipaka bluu na nyeupe, tarumbeta na ngoma za isukuti zinalia, na Fridah alikuwa anarukaruka ili achungulie juu ya ukuta.

"Hillary, mpira unaanza," Khaemba alisema.

"Tulia, mzee. Picha kwanza, tuingie kama timu."

Mpira ukaanza bila wao. Walisikia filimbi. Wakasikia kelele ikipanda na kushuka, na Khaemba akasimama ameinamisha sikio kama alivyozoea nyumbani, ila sasa hakukuwa na mtu wa kumweleza. Kisha uwanja mzima ukalipuka, mpaka ukuta ukatetemeka.

"Goli," Fridah alisema.

"La nani?" Khaemba aliuliza. "Jamani, la nani?"

Askari wa langoni alicheka. "La Ingwe. Safi sana hilo. Mngekuwa ndani mngeona."

Mpiga picha alifika akinyonya muwa. Wakapangwa, watoto mbele, wamama katikati, wakainua mikono kama walivyoagizwa. Walipoingia ndani, kipindi cha kwanza kilikuwa kinakaribia kwisha.

Na hapo likamkuta Khaemba jambo ambalo hakulitegemea. Hakuelewa. Aliwajua wachezaji wote kwa majina, baba zao, vijiji vyao, nani ana mguu wa kushoto na nani aliwahi kuvunjika goti. Lakini hakujua sura ya hata mmoja. Walikuwa vijana tu wanaokimbia mbali, kwenye nyasi, na hakuna sauti iliyosema huyu ni fulani.

"Huyo mwenye mpira ni nani?" alimwuliza mtu wa kando.

"Nambari nane."

"Nane ni nani?"

Kijana mmoja nyuma yao akainama. "Buda, kwani Kitale mlikuja na masikio peke yake?" Safu nzima ikacheka. Mwingine akadakia, "Mpatieni redio mzee wa Walubengo." Nakhungu alikunja mikono juu ya ule uso uliokuwa kifuani mwake. Viola aligeuka akamtazama yule kijana mpaka kijana huyo akaangalia kando.

Fridah ndiye aliyeokoa. Alisogea akaegemea bega la baba yake, akaanza kunong'ona kwa sauti ya watangazaji. "Nane anampa kumi na moja. Kumi na moja anakimbia naye, anakimbia, anamvuka mmoja. Anapiga krosi."

Tisa akaruka. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, na watu wote wakashika vichwa. Khaemba alijikuta ameshika mkono wa Nakhungu, ameubana kama ambavyo hakuwahi kuushika mbele za watu.

"Umeona? Mama Viola, umeona hiyo?"

"Nimeona," Nakhungu alisema, akicheka. Alikuwa ameona kweli.

Ni haki kusema hivyo. Walifurahi. Kwa muda huo hakuna aliyekumbuka mahindi, na mtu maskini akifurahi siku moja hatuna sababu ya kumpiga mawe. Ingwe ilishinda kwa lile goli moja ambalo hawakuliona. Walipokuwa wanatoka, Nakhungu aliweka kiganja juu ya macho akatazama angani. Hakukuwa na wingu.

"Jua hili lingekuwa kwetu," alisema.

"Hili ni la Nairobi. Kwetu labda kumenyesha."

*

Basi halikurudi Kitale usiku huo. Hillary alisimama mlangoni akatangaza kwamba Mheshimiwa ana neno. Kesho kuna ibada, kuna kiongozi mkubwa wa chama atakuja, na Mheshimiwa angependa watu wake wawe naye. Watalala kwenye ukumbi wa kanisa. Chai ipo.

"Ulisema Jumapili asubuhi tuko nyumbani," Nakhungu alimwambia.

"Mathe, si umekula? Si umeona mpira? Mheshimiwa ametumia pesa."

"Nina mahindi nje."

"Kila mtu ana mahindi," Hillary alisema, na hilo pia lilikuwa kweli.

Asubuhi, kabla ya ibada, Nakhungu alimpigia mwanamke anayeuza mboga stendi ya Kiminini. Alirudi akamkuta Khaemba amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, anafuta viatu vyake kwa kitambaa.

"Huko kuna jua kali. Jana pia lilikuwa hivyo. Hakuna hata tone limeanguka."

Khaemba aliacha kufuta kiatu.

"Mpigie Kinyua," Nakhungu alisema. Hakupaza sauti. "Namba yake unayo, ya kamati ya maji. Mwambie afungue ile kamba tu. Atawanye kidogo, hewa iingie."

"Nitampigia."

"Baba Viola, ni malipo ya huyu mtoto."

"Nimesema nitampigia."

Alienda nyuma ya ukumbi, penye matangi ya maji. Akalitafuta jina la Kinyua, likatokea, kidole gumba kikakaa juu yake. Angesema nini? Naomba uingie kwangu, uguse chakula changu, nami siko? Akilini alimwona Kinyua akisikiliza kwa ile adabu yake, akisema sawa jirani, bila kuuliza neno, kama ambavyo hajawahi kuuliza. Na baadaye magunia yakipungua, atamwuliza kwa mdomo gani? Kidole kikateremka, kikaenda kwa jina jingine. Alimpigia Levi, kaka yake Nakhungu, aliyekaa Bokoli.

"Shemeji, usijali," Levi alisema. "Natafuta pikipiki saa hii. Nikitoka hapa ni Webuye, ni Kiminini, nimefika. Kwani hiyo ni kazi?"

Khaemba alirudi. "Nimeongea."

"Na Kinyua?"

"Na Levi."

"Levi yuko Bokoli."

"Si ni ndugu yako?"

"Ndiyo, na ndiyo sababu namjua."

Angeweza kupiga mwenyewe. Aliifikiria simu iliyokuwa mkononi mwake. Lakini alikuwa ameyapika mahindi ya Gladwell kwa miezi, akayasonga, akamlisha Viola, na yeye pia hakujua aanzie wapi. Kengele ikalia, wakaingia.

Ndani waliambiwa wasimame. Walubengo aliwanyooshea mkono mbele ya kiongozi wa chama. "Hawa ni watu wangu, wameacha mashamba yao kwa ajili yangu." Watu wakapiga makofi. Baada ya ibada Hillary alipita na gunia tupu.

"Tisheti, wazazi. Tunarudisha tisheti. Wiki ijayo kuna basi la Saboti."

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa ameivaa yake peke yake, bila blauzi ndani. Nakhungu alimsitiri kwa leso yake huku akivua. Hillary aliangalia pembeni, lakini gunia hakuliondoa.

*

Walifika Jumatatu asubuhi. Turubai lilikuwa vilevile, mawe vilevile, kamba vilevile. Levi hakuwa amekuja. Baadaye alisema kulikuwa na matanga, na labda yalikuwepo, kwa sababu kwetu matanga hayakosi.

Viola alifika kwanza. Alisukuma mawe kwa mguu, akakata kamba kwa panga, akavuta nailoni kwa mikono miwili. Mvuke ukatoka kama pale unapofunua sufuria. Kisha harufu ikafuata. Wote waliijua ile harufu. Ni ya mitungi ya pombe ya busaa, ya kimea kilichoanza kuumuka, harufu nzuri kwenye sherehe ya mtu mwingine. Viola aliingiza mkono ndani ya kile kilima mpaka kwenye kiwiko, akautoa haraka. Ndani palikuwa pamoto. Kiganjani punje zilikuwa zimeshikana, baadhi zimevaa unga wa kijani, baadhi zimetoa mzizi mweupe.

Nakhungu alifungua leso kiunoni, akaifunga tena.

"Tawanya," alisema mwishowe. "Tawanya yote. Fridah, leta reki."

Wakatawanya. Kufikia saa nne jua lilikuwa limewaka sawasawa, jua safi kabisa la kukausha mahindi.

Jumanne Khaemba alichagua yale ya juu, yaliyoonekana kuwa na afadhali, akayatia kwenye mfuko, akaenda nayo Kitale kwa mnunuzi aliyeitwa Cherop. Viola alisema anaenda pia. Baba yake hakuweza kumkataza.

Cherop alikuwa na kile kidude cha kupimia unyevu, lakini hakukigusa. Alinusa tu, akarudisha mfuko juu ya meza.

"Mzee wangu, hii siwezi hata kuingiza kwa stoo. Itaambukiza zingine."

"Ya juu si mbaya sana."

"Hii si ndiyo ya juu umeniletea? Ya chini iko aje?"

Khaemba alifunga mdomo wa mfuko.

"Mlifunika ikiwa mbichi," Cherop alisema, si kwa ukali. "Siku hizi zote za jua, mkafunika. Mbona?"

Viola alimtazama baba yake akiuvuta mfuko kutoka mezani. "Hakuna mtu anaweza kuichukua?" akauliza yeye.

"Kuna mtu wa nguruwe hapo nyuma. Lakini huyo atakupea nauli ya kurudi na sabuni, msichana. Usiende ukijidanganya."

Nyuma ya soko walisimama kwenye foleni ya mtu wa nguruwe, na zamu yao ilipofika, naye aliukataa ule mfuko. Nilishasema tunalisha nchi. Siku hiyo tulikuwa wengi kwenye foleni hiyo, wengine mvua iliwakuta kweli mwezi uliopita, wengine walikosa turubai, na mashine yetu ilikuwa imefungiwa kwa kufuli pale barabarani.

*

Jioni Khaemba alitoka bila kuaga. Viola alimwona akizunguka ua, akamfuata.

Kinyua alikuwa anakamua. Khaemba alisimama langoni kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, mpaka Gladwell akamwona kutoka jikoni.

"Karibu, Baba Viola. Kwani utasimama hapo kama mgeni?"

Alikuwa hajawahi kuingia hapo tangu siku ile ya magunia. Akaingia. Kinyua aliinua kichwa kutoka kwenye ubavu wa ng'ombe, akaendelea kukamua.

"Mmerudi salama? Mpira ulikuwa aje?"

"Tulishinda."

"Nilisikia kwa redio. Hongera."

Maziwa yalilia kwenye ndoo. Khaemba alisema, "Uliyaona mahindi yangu."

"Niliyaona."

"Yamefunikwa na jua linawaka."

"Niliona Jumamosi. Jumapili tukitoka kanisani nikaona tena. Nikamwambia mama hapa, hayo mahindi yanapikwa." Kinyua alifuta mikono kwa kitambaa, akasimama polepole akishika mgongo. "Nilikuja mpaka kwa ua. Nikasimama hapo."

"Na hukufunua."

"Sikufunua."

"Mawe machache na kamba, Kinyua. Kutoa mawe ni kazi gani?"

"Sasa ngoja nikuulize." Kinyua hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Ningeingia kwako, hauko. Nifungue kamba zako, nitawanye, nifunike tena. Urudi ukute gunia moja limepungua, hata kama ni wewe ulikosea kuhesabu. Ungesema nini?"

Khaemba alifungua mdomo. Angeweza kusema ningekushukuru. Gladwell alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi, naye alikuwa anangoja.

"Angesema umeiba," Viola alisema nyuma yake.

Baba yake hakugeuka.

"Najua," Kinyua alisema. "Sio kwa ubaya, msichana wangu. Mimi mwenyewe najua mtu hufikiria nini akirudi akute magunia yamepungua. Nilishawahi kurudi. Nilikuta yamekwisha yote." Akachukua ndoo ya maziwa. "Na kusema ukweli, siku zile nilipokuwa kwa hema, hata mimi singekuita uniangalilie. Basi tumekuwa hivyo. Mama, hawa watu wapewe chai."

Viola alimtazama Kinyua, kisha mgongo wa baba yake, na kwenye ule mgongo akasoma yaliyobaki. Gladwell alileta vikombe viwili. Khaemba alisema asante, ameshiba, akatoka. Viola alikaa kwenye kigoda akanywa chai yake mpaka mwisho, kwa sababu ingekuwa aibu wote wawili kukataa.

Alimkuta baba yake kwenye njia, amesimama gizani kando ya kayaba.

"Tulikula mahindi yao?"

"Ulikuwa mdogo sana. Ulikuwa hata huongei vizuri."

"Lakini nilikula."

"Ulikula," Khaemba alisema.

*

Khaemba alijaribu. Hatuwezi kusema hakujaribu. Alienda kwa Walubengo, akaambiwa Mheshimiwa yuko Saboti na basi. Alimpigia Hillary, na Hillary akasema, "Mzee, ungeniambia mapema. Bajeti ilikuwa ya mpira." Akaenda Bokoli kwa Levi, ambaye alimpa jogoo na maneno mazuri. Akafikiria kuuza ng'ombe, lakini ng'ombe ndiye aliyekuwa akimsomesha Fridah. Nakhungu alimwambia amwombe Kinyua mkopo, na akarudi akasema ameshindwa kufika langoni.

Siku ya mwisho ya malipo, Viola aliomba simu ya mama yake. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akavuta sketi ikafunika magoti, akapiga chuoni. Khaemba alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Aliposikia anasalimia, aliliweka shoka chini taratibu.

"Nataka kusema sitaweza kufika," Viola alisema. "Hiyo nafasi mpatie mwenye anangoja."

Upande wa pili kulikuwa na mwanamke, sauti yake ilisikika hadi nyuma. Alikuwa mwema. Aliuliza kama ni ugonjwa, au msiba. Alisema wanaweza kuandika sababu, labda mwaka ujao akumbukwe. "Sababu ni gani, dear?"

Viola aliinua macho. Uani, yale mahindi yaliyokataliwa hata na mtu wa nguruwe yalikuwa yametandazwa, yamekauka sana. Ungeyauma sasa yangelia. Mama yake alikuwa ameinama katikati yake anachambua, kama kuna ya kubaki ya kula.

"Mvua," Viola alisema. "Mahindi yetu yalinyeshewa."

"Pole sana. Huko kwenu ilinyesha hivyo?"

"Ilinyesha vibaya. Ilitukuta hatukuwa tumejipanga."

Nakhungu aliinua kichwa. Nyuma ya nyumba Khaemba alibaki ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na jua la saa saba likimpiga utosini.